Upana wa Kidole cha Shangazi

Jumanne ile ya mazoezi Shangazi Lesieli aliruka mstari, na tuni ikabaki bila maneno.

Kwetu msomaji wa nyimbo husimama mbele ya watu, husoma ubeti mzima kwa sauti, ndipo tuuimbe. Kisha husoma unaofuata. Shangazi ameishika kazi hiyo tangu mimi nikiwa msichana wa shule. Nyimbo za kitabu cha zamani amezihifadhi zote, kitabu anakishika kwa heshima tu. Lakini huu ulikuwa wimbo mpya. Penisimani, kiongozi wa kwaya yetu, aliutunga kwa ajili ya siku ya kufungua kanisa, maana kimbunga kilikuwa kimeondoka na paa letu lote na tangu hapo tulikuwa tukisali kwenye ukumbi wa kijiji. Maneno ya wimbo yalikuwa kwenye karatasi ya nusu, ya kushikwa kwa mkono mmoja, kwa sababu mkono wa pili wa msomaji una kipepeo cha kujipepea joto. Sisi wengine hatukuwa na karatasi. Tulikuwa na masikio.

Basi akasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa nne, akanyamaza. Tukaanza kuimba. Tulipofika mwisho wa maneno, tuni ilikuwa bado ina kipande kizima. Sisi wanawake tukakatika. Wanaume wa sauti ya chini, ambao hawajawahi kuacha wimbo njiani, wakaendelea na "mmm, mmm" mpaka mwisho, macho wameyafumba kama watu wanaojua wanachofanya.

Meliame, anayekaa karibu nami, alicheka hadi kipepeo kikamdondoka. "Jamani, hao wamepata ubeti wao wenyewe!"

"Mama Lesieli," Penisimani akasema kwa upole, "mstari wa tatu umeniibia."

Watu wakacheka tena. Shangazi hakucheka. Aliitazama karatasi, akaikunja, akasema tuendelee na wimbo mwingine. Ilikuwa mara ya tatu kwake kuruka mstari kwenye wimbo ule.

Tulirudi nyumbani pamoja kwa miguu. Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba yangu. Kwetu hiyo ina maana kwamba yeye ndiye kichwa cha ukoo wetu. Akisema kitu kimesemwa, na akitaka kitu cha nyumbani kwangu anakichukua bila kuuliza. Sijawahi kumbishia, na nina miaka hamsini na moja. Siku ile sikuthubutu hata kuanza mazungumzo. Nilimbebea mfuko wake nikangoja.

"Kalo," aliniambia tulipofika kwenye uzio wa nguruwe wa jirani, "unamkumbuka bibi yako miaka yake ya mwisho?"

"Namkumbuka, Shangazi."

"Alianza hivihivi. Alikuwa akisuka mkeka anaruka ukili. Tukamcheka. Halafu akaanza kuniita kwa jina la dada yake aliyekufa."

"Shangazi, ulikwenda kwa daktari wa macho..."

"Ndiyo maana nakwambia. Daktari amesema macho ni mazima, miwani ni mizuri. Kama si macho, ni nini kilichobaki?" Alijigonga paji la uso kwa kidole. "Siku ya kufungua kanisa nitasoma. Nikiruka tena, nitakaa chini mbele ya watu wote. Na nikikaa, mwanangu, sisimami tena."

Kisha akachukua mfuko wake mkononi mwangu akaingia ndani.

Karatasi ile nilikuwa nimeichapa mimi. Mwaka ule nilikuwa nimeanza masomo ya jioni mjini Nuku'alofa, mji mkuu wa visiwa vyetu, kujifunza kupanga vitabu na matangazo kwa kompyuta, na kanisani walishaamua kwamba mimi ni fundi. Shangazi mwenyewe ndiye aliyeniagiza: "Weka herufi kubwa. Kubwa kabisa." Nikaweka kubwa kabisa. Beti zilikuwa sita, karatasi ni ya nusu, na mistari ya Penisimani ni mirefu kama sala zake. Ili vyote vienee, nilibana mistari mpaka mikia ya herufi za juu ikagusa vichwa vya herufi za chini. Nilijiona nimefanya vizuri. Agizo nilikuwa nimelitimiza.

Usiku ule nilipiga magoti nikaomba kwa ajili ya akili ya Shangazi. Sikuomba chochote kuhusu karatasi. Haikunijia hata kidogo.

Kesho yake kulikuwa na somo. Mwalimu wetu anaitwa Inoke, kijana mpole ambaye hutuita sisi wanafunzi wake "wazee wangu" na sisi hatukasiriki. Jioni ile alitupa kurasa mbili zenye habari ileile, herufi zilezile, akatuambia tusome kwa sauti, kila mtu kwa zamu. Ukurasa wa kwanza tulijikwaa wote. Ukurasa wa pili tuliteleza kama mtumbwi. Tofauti ilikuwa moja tu: kwenye ukurasa wa pili mistari ilikuwa imeachiana nafasi.

Nikatoa kwenye mkoba nakala yangu ya karatasi ya wimbo nikampelekea.

"Mwalimu, na hii je?"

Aliiangalia, akaanza kutabasamu. Akaiweka chini ya mashine inayoonyesha ukutani, darasa zima likaiona. "Wazee wangu, tazameni. Jicho likifika mwisho wa mstari, lazima lirudi nyumbani, mwanzo wa mstari unaofuata. Safari ni ndefu, maana mistari ni mirefu. Na huku nyumbani kukoje? Ubeti huu mistari yote minne inaanza na maneno yaleyale, 'Wewe uliyetujengea'. Milango yote inafanana, na nyumba zimegusana kuta. Jicho litaingia wapi?"

"Kwa jirani!" akasema mama mmoja wa nyuma. "Kama mume wangu akirudi usiku amelewa kava!"

Tulicheka sana. Mimi nilicheka huku machozi yananitoka, na Inoke akadhani ni kichekesho.

"Sasa dawa yake ni nini?" nikamuuliza.

"Fungua mistari, mama. Kama karatasi haitoshi, punguza herufi kidogo."

"Kupunguza siwezi."

"Kwa nini? Kompyuta inakubali."

"Kompyuta haina shangazi," nikamwambia. Yeye ni mtoto wa hukuhuku, akaelewa mara moja, akakuna kichwa.

Basi nikaamua kufungua mistari bila kugusa ukubwa wa herufi. Alhamisi nilikuwa na karatasi mpya, imechapwa mbele na nyuma, mistari imeachana kama mihogo shambani. Kwa kuwa nafasi ilikuwa haitoshi bado, niliondoa ule mwanya wa kutenganisha beti. Nikaona si kitu: kila mstari ulikuwa na nafasi tele juu na chini, mtu angepotea vipi? Nilimshukuru Mungu, nikampelekea Shangazi kabla ya mazoezi ya jioni ile, sikumweleza lolote. Naye aliiweka kwenye mfuko bila kuitazama.

Tulipokusanyika, alisimama, akainua karatasi, akasoma mstari wa kwanza. Akanyamaza.

Sisi tunajua kazi yetu. Msomaji akinyamaza, tunaimba. Tukalipuka wote kwa sauti nne, maneno ya mstari mmoja, tena kwa nguvu kweli.

"Ngojeni!" Shangazi akapaza sauti. "Sijamaliza!"

Tukanyamaza. Akasoma mstari wa pili. Akanyamaza. Tukaimba.

"Ee Bwana!" Penisimani alijishika kiuno. "Kwaya yangu ina haraka kama watoto kwenye foleni ya peremende. Mama Lesieli, maliza ubeti mzima, tafadhali."

"Nasoma ninachoonyeshwa," Shangazi akasema. Uso wake ulikuwa umekauka. Alijaribu tena, mstari wa kwanza, wa pili, na hapo akasita kidogo tu, kwa pumzi moja, na wale wanaume wa sauti ya chini wakaingia na wimbo kama lori lisilo na breki.

Meliame alikuwa ameinama amejifunika uso kwa kipepeo, mabega yanatikisika. Mimi nilitamani sakafu ifunguke.

"Hebu niazimeni hiyo karatasi," Penisimani akasema. "Wimbo ni wangu mwenyewe. Niwaonyeshe unavyosomwa."

"Chukua," Shangazi akamwambia. "Tusaidie."

Penisimani alikohoa, akanyoosha mkono mbele kwa fahari, akasoma mstari wa kwanza kwa sauti ile ya mtu anayetangaza habari njema. Akafika mwisho wa mstari. Mbele yake palikuwa na uwanja mweupe. Macho yake yakasimama ukingoni mwa uwanja ule, na mdomo ukasimama pamoja nayo.

Tukaimba.

"Nyie!" alipiga kelele. "Sijamaliza!"

"Umenyamaza!" Meliame akamjibu.

"Nilikuwa navuta pumzi!"

"Baba, mbona siku zote huvuti pumzi hapo? Wewe ukianza kusema hata mvua inasubiri!"

Ukumbi mzima ulicheka. Penisimani akarudia, na safari hii alifika mstari wa pili, akanyamaza mwenyewe, akaitazama karatasi kwa hasira kama vile imemsukuma. "Hii karatasi ina pepo," akasema. "Kila mstari unaniambia nimefika."

Wakati wote huo nilikuwa namtazama Shangazi. Hakuwa anacheka, lakini ule ukavu wa uso ulikuwa umepungua. Alimtazama Penisimani, akaitazama karatasi, akamtazama Penisimani tena. Na mimi, pale nilipokaa, nikaelewa jambo ambalo nilipaswa kulielewa mapema. Penisimani aliutunga wimbo ule kwa kichwa chake mwenyewe, na bado karatasi ilimsimamisha. Basi haikuwa akili ya Shangazi. Shangazi alikuwa anaitii karatasi. Mistari ilipobanana, aliruka. Ilipoachana kupita kiasi, alisimama. Msomaji mzuri hufanya hivyohivyo. Mbaya ilikuwa karatasi, na karatasi nilikuwa naiweza.

Nilitaka kusema palepale. Lakini humwambii shangazi yako mbele ya kwaya kwamba agizo lake la herufi kubwa ndilo lililoleta matata. Nilimeza maneno, nikasali kimya: "Bwana, sijui kama unajishughulisha na nafasi kati ya mistari. Lakini unamjali Lesieli. Nifundishe."

Ijumaa nilikwenda kwake na lu ya moto, nyama iliyofungwa kwenye majani ya magimbi, niliyoipika kwa tui zito, jinsi anavyopenda. Alikula kwanza, mimi nikingoja mlangoni. Alipokunywa maji nikamwomba anisomee sura yoyote ya Biblia. Hilo alilipenda. Alifungua Zaburi akasoma, na mimi nikautazama mkono wake. Nilikuwa nimemwona akisoma maisha yangu yote na sikuwahi kuutazama. Kidole chake cha shahada, kinene cha mtu aliyesuka mikeka miaka sitini, kilitembea chini ya mstari anaousoma. Biblia yake ni ile kubwa ya mezani, na kidole kilikaa katikati ya mistari bila kufunika neno. Kumbe kwenye karatasi yangu ya kwanza kidole kile, akikinyoosha kutoka kwenye mpini wa kipepeo, kilikuwa kinafunika mstari wote unaofuata. Alipokiinua ili auone, mahali alipoishia palikuwa pameshapotea.

Nikapima kwa macho. Nilirudi nyumbani nikafungua kompyuta. Nilipunguza herufi kidogo, nikifunga jicho moja kama mtoto anayeiba sukari. Nikafungua mistari kiasi cha kidole kupita, si zaidi. Kisha, kati ya ubeti na ubeti, nikaacha mwanya mkubwa kuliko ule wa kati ya mistari, ili anayesoma aone wazi kwamba hapa bado ni ubeti, na hapa umekwisha. Beti zote sita zikaenea upande mmoja. Nilichapa, nikaiweka ukutani, nikasogea nyuma. Ilikuwa inapumua.

Jumamosi asubuhi nilimpelekea karatasi mbili: ile ya kwanza iliyobanana, na hii mpya. Siku ya kufungua kanisa ilikuwa kesho yake.

"Shangazi," nikamwambia, nimekaa chini kwenye mkeka, "nimekuletea mbili. Chagua yenye herufi kubwa."

Alivaa miwani. Alizishika moja moja, akazisogeza mbali, akazisogeza karibu. Kisha akainua ile mpya.

"Hii. Hatimaye umenisikia. Tangu mwanzo nakwambia weka kubwa, wewe unaniwekea sisimizi."

Ningeweza kunyamaza, na kila kitu kingekwenda salama. Lakini nilifikiri juu ya bibi yangu na ule ukili, na jinsi Shangazi alivyojigonga paji la uso pale kwenye uzio. Kama ningenyamaza, angesoma vizuri kesho na hofu ingebaki palepale.

"Shangazi, naomba usinikasirikie. Hiyo ndiyo yenye herufi ndogo."

"Nani kasema?"

"Weka moja juu ya nyingine."

Aliziweka. Akazisogeza mpaka dirishani, mwanga ukapita. Neno la juu na neno la chini lilikuwa ni lilelile, na lile la karatasi ya zamani lilikuwa limezidi pande zote. Akazigeuza, akazirudisha tena kwenye mwanga. Nilisikia kuku uani na redio ya jirani ikitangaza mazishi.

"Sasa mbona hii naiona?"

"Kwa sababu mistari ina nafasi. Ile ya kwanza nilikuwa nimeibana. Kidole chako hakikuwa na pa kukaa. Mwalimu wetu aliionyesha darasa zima, kila mtu akaona jicho linavyopotea. Na Penisimani ulimwona mwenyewe na ile ya pili. Shangazi, kichwa chako hakina tatizo. Ni karatasi zangu."

Aliangalia nje. Midomo yake ilikuwa inacheza, na kwa sekunde moja nilidhani nimemvunjia heshima kiasi cha kutosamehewa.

"Kwa hiyo," akasema taratibu, "wiki tatu hizi nimekuwa nikiamka usiku najitajia majina ya wajukuu wote, mmoja mmoja, kuhakikisha wapo, wale wa hapa na wale wa ng'ambo kule Auckland... kumbe ni wewe?"

"Ni mimi, Shangazi."

"Wewe Kalo!"

"Ndiyo, Shangazi."

Alinipiga begani na karatasi ya zamani, mara moja, mara mbili, na mara ya tatu alikuwa tayari anacheka. Alicheka akalia, akavua miwani akafuta, akacheka tena. "Majina yote! Hata ya mbwa wao!" Kisha akanishika mkono, akainamisha kichwa, tukamshukuru Mungu pale kwenye mkeka. Alisali kwa muda mrefu kuliko Penisimani. Hakunitaja kwa jina, alisema tu "na huyu binti unayeendelea kumfundisha," nikaitikia amina.

Siku ya pili yake ngoma ya mti inayotuita ibadani ililia mapema. Tuliingia katika kanisa letu lenye paa jipya, mbao bado zinanuka msitu, kila mtu amejifunga kiunoni mkeka wake bora, kama ilivyo desturi yetu ya ibada. Kijiji kizima kilikuwapo, na wageni kutoka vijiji vya jirani, na watu waliokuja kwa ndege. Nilikuwa nimeitazama ile karatasi mara nyingi hadi sikuwa na hakika tena kama inasomeka.

Mchungaji akamwita. Shangazi alisimama na kipepeo mkono wa kushoto, karatasi mkono wa kulia. Akatazama watu. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya: alimkabidhi mke wa mchungaji kipepeo chake, ili kidole kiwe huru kabisa.

Akasoma ubeti wa kwanza. Kidole kilipita kwenye nafasi yake, kikarudi, kikateremka, kikapita. Mstari wa nne ulipokwisha, kilifika kwenye ule mwanya mkubwa kikasimama, naye akanyamaza, na sisi tukaimba. Sijui kama mliwahi kusikia watu waliokosa paa kwa muda mrefu wakiimba chini ya paa. Ubeti wa pili. Ubeti wa tatu, ule wenye mistari minne inayofanana milango, Penisimani alifumba macho, Meliame akanikamata kiganja. Shangazi aliingia mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, bila haraka, kama mtu anayetembelea majirani zake wote na hataki kumwacha hata mmoja. Nilishindwa kuimba ubeti ule. Niliusikiliza tu.

Kufikia wa tano alikuwa anainua macho mwisho wa kila mstari, anatazama watu, anarudi, analikuta neno lake linamngoja. Ubeti wa sita aliusoma kwa sauti ambayo ilifika mpaka kwa wapishi waliokuwa wanafukua tanuri la ardhini nje, maana tulisikia mmoja wao akijibu "Amina!" kabla ya wakati.

Alichukua kipepeo chake kwa mke wa mchungaji, akaketi pembeni yangu, akajipepea. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Nikamwinamia sikioni.

"Umechoka, Shangazi?"

"Nichoke na nini?" akaninong'oneza kwa sauti ambayo safu tatu ziliisikia. "Mwambie Penisimani beti sita ni chache. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza."